Nusu Pointi Kutoka Batumi

Batumi, Georgia

Kaka yangu mpendwa,

Swali lako la nani anaongoza mashindano haya ya sataranji ya watoto lina jibu fupi: raundi bado zipo, na kileleni kuna kundi zima la watoto wenye pointi sawa. Lakini barua hii nataka niitumie karibu yote kwa mchezo ambao hakuna aliyeshinda. Ulichezwa jana na wasichana wawili wa kundi la chini ya miaka 12, mmoja wa hapa hapa Georgia, mwenzake katoka Uzbekistan. Majina yao nayaacha, maana ni watoto na hawakuniomba niwatangaze. Kwenye karatasi ya matokeo mchezo wao umeandikwa nusu kwa nusu, na wazazi waliofika kusoma waliupita upesi wakaenda kutafuta meza zenye ushindi. Mimi nasema ndio mchezo bora niliouona tangu nifike, na nataka watoto wako wa klabu ya Jumamosi waujue.

Kwanza habari za mji, kwa sababu najua shemeji atauliza nakula nini. Batumi uko pwani ya Bahari Nyeusi, kusini-magharibi mwa nchi, mwendo mfupi wa gari hadi mpaka wa Uturuki. Ni makao makuu ya jimbo la Adjara, lililokuwa chini ya Waturuki wa Osmani hadi mwaka 1878. Ndiyo maana katikati ya mji umesimama msikiti wa Orta Jame, wa miaka ya 1860, na adhana yake husikika mtaa mmoja na kengele za makanisa ya Kiorthodoksi. Ijumaa niliswali humo. Mvua hainyamazi: inanyesha asubuhi, inapumzika watu wakianika nguo, inarudi. Milima iliyo nyuma ya mji ni ya kijani kibichi, na hii ndiyo sehemu ya Georgia iliyozoea chai na machenza. Chakula chao cha kujivunia ni khachapuri ya Adjara: mkate wa umbo la mashua uliojazwa jibini iliyoyeyuka, juu yake likavunjwa yai, pembeni kikatiwa kipande cha siagi. Unaukata ukingo wa mkate kwa mkono, unakorogea yai na jibini vingali vya moto, unakula. Mwambie shemeji mmoja unatosha watu wawili, na asiamini atakayemwambia vingine.

Lakini Batumi na sataranji ni ndugu wa zamani, na nchi yenyewe zaidi. Olimpiadi ya sataranji ya mwaka 2018 ilifanyika hapa. Ubingwa wa dunia wa watoto wadogo ulikuja hapa mwaka 2022. Na mwaka 2025 Kombe la Dunia la wanawake lilichezwa hapa pia, fainali ikawakutanisha Wahindi wawili, Divya Deshmukh wa miaka 19 na Koneru Humpy aliyekuwa na cheo cha bingwa mkubwa (grandmaster) tangu kabla mwenzake hajazaliwa. Uniangalizie hilo, kaka: michezo yao miwili ya muda mrefu ilitoka sare yote, ikabidi waende kwenye michezo ya haraka, na huko ndiko msichana aliposhinda. Bila zile sare mbili zisingekuwapo dakika zile za haraka zilizompa kombe na cheo cha bingwa mkubwa kwa mpigo mmoja.

Kuhusu wanawake, nchi hii ina historia ambayo mtoto wa kike yeyote anayekuja kwenye klabu yako angepaswa kusimuliwa. Nona Gaprindashvili, mzaliwa wa Zugdidi, kaskazini ya hapa, alitwaa ubingwa wa dunia wa wanawake mwaka 1962 akiwa na miaka 21, akaushika miaka 16. Mwaka 1978 akawa mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha bingwa mkubwa, cheo kile kile wanachopewa wanaume. Mwaka huo huo akavuliwa ubingwa na msichana wa miaka 17, Maia Chiburdanidze wa Kutaisi, naye akaushika hadi 1991. Hapa husimuliwa kwamba zamani bibi harusi wa Kigeorgia alipelekwa kwa mumewe na ubao wa sataranji pamoja na nakala ya utenzi wa Shota Rustaveli. Basi unapomwona msichana wa miaka kumi na moja wa nchi hii amekaa mbele ya ubao, ujue nyuma yake kuna mabibi wanaomtazama.

Sasa ukumbi. Meza zimepangwa safu kwa safu, na kila meza ina ubao, saa ya kidijitali, kalamu mbili, bendera ndogo na kadi za majina. Watoto wanaingia na chupa za maji, na wapo waliobeba midoli, maana kundi la chini ya miaka 8 nalo limo humo humo. Wazazi huruhusiwa dakika chache za kupiga picha, kisha waamuzi huwatoa wote, na kuanzia hapo mama na baba wanabaki kwenye korido wakitembea huku na huko. Waandishi tumetengewa kona nyuma ya kamba. Ukimya wake sijauona penye watoto wengi kiasi hicho mahali pengine popote, hata kwenye mtihani. Kila mtoto ana dakika 90, na kila anapocheza saa inamwongezea sekunde 30. Sheria ya nyongeza hiyo ni kwamba lazima kila hatua iandikwe mpaka mwisho, hata muda ukikubana vipi. Kumbuka hili, nitalirudia.

Msichana wa Georgia alikuwa na kete nyeupe. Alicheza vizuri mwanzo na vizuri zaidi katikati. Saa mbili za kwanza alimsukuma mwenzake nyuma, akamla kitunda kimoja, akabadilishana malkia, akamla cha pili. Wakaingia hatua ya mwisho kila mmoja ana ngome moja, mweupe ana vitunda viwili, mweusi kimoja. Mwandishi mmoja aliyekuwa karibu yangu alifunga daftari lake akaondoka, kwake mchezo ulikuwa umekwisha. Na kweli, mtoto mwingi wa umri ule akiwa nyuma namna ile hucheza haraka haraka ili maumivu yaishe. Huyu wa Uzbekistan alifanya kinyume. Alikaa juu ya mikono yake. Nasema sawasawa: aliiweka mikono yote miwili chini ya mapaja akaikalia, kama walimu wanavyowafundisha wadogo ili wasiguse kete kabla ya kufikiri, kwani ukiigusa lazima uicheze. Akatazama ubao kwa muda mrefu sana.

Nadhani aliona kitu ambacho mpinzani wake hakukiona. Mweupe akaharakisha kusukuma kitunda chake cha pembeni, cha safu ya h, mweusi akakibadilisha na kitunda chake pekee, na ghafla ubao ukawa mtupu: wafalme wawili, ngome mbili, na kitunda kimoja cheupe katikati, safu ya d.

Hapa, kaka, utoe ubao wako. Weka mfalme mweupe e5, kitunda cheupe d5, ngome nyeupe a7. Mfalme mweusi d8. Ngome nyeusi b6. Ni hali iliyochambuliwa na Mfaransa François-André Philidor, mtunzi wa opera na mchezaji bora wa zama zake, karne ya 18. Ukimweka mtu asiyeijua upande wa mweusi, atapoteza. Ngome nyeupe imembana mfalme mweusi kwenye mstari wa mwisho, mfalme mweupe anataka kupanda hadi mstari wa sita, na akifika pale vitisho vya mati vinaanza. Hofu inamwambia mtoto airudishe ngome nyumbani ikamlinde mfalme, na kwa kitunda cha katikati kama hiki kuirudisha ni kujizika. Dawa ni kuiacha ngome kwenye mstari wa sita na kutofanya chochote. Inakwenda g6, inarudi b6, inakwenda h6. Maadamu iko kwenye mstari huo, mfalme mweupe hawezi kupanda.

Msichana alifanya hivyo hivyo. Ngome g6. Ngome b6. Ngome h6. Mweupe alizunguka na ngome yake, akaipeleka pembeni, akairudisha, akimtega mwenzake achoke. Ni kazi ngumu mno kwa mtoto, kwa sababu watoto tunawafundisha kushambulia, na hapa alitakiwa asubiri bila kusinzia. Subira ya namna hiyo ina macho. Inasubiri jambo moja tu: kitunda cheupe kiguse mstari wa sita. Kabla ya hapo ngome isiondoke, na kikishasogea isichelewe hata hatua moja.

Mwishowe mweupe akasukuma. Kitunda d6. Uso wa yule wa Georgia ulijaa matumaini, maana sasa kilikuwa kimebakiza hatua mbili kiwe malkia. Mwenzake aliitoa mikono chini ya mapaja kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaichukua ngome akaishusha mpaka chini kabisa, h1, upande wa pili wa ubao. Ukiiona bila kujua utadhani amekimbia. Lakini tazama: mfalme mweupe akipanda e6, ngome inampiga cheki kutoka nyuma, e1. Akienda d5, cheki d1. Akirudi e5, cheki e1. Zamani mfalme angejificha mbele ya kitunda chake, kwenye mstari wa sita, lakini kitunda chenyewe sasa kimekaa pale, na kimemnyima maficho. Ndiyo siri yote ya ulinzi huu. Mshambuliaji anaposogeza silaha yake hatua moja mbele ndipo anapofungua mlango wa nyuma.

Cheki, cheki, cheki. Muda wa wote wawili ulikuwa umebaki dakika chache, wanaishi kwa zile sekunde 30. Na kila mmoja bado anaandika. Kalamu ya mweusi ilikuwa imeanza kukwama, aliitikisa, akaandika, akacheza.

Kisha akasimamisha mkono. Hakucheza. Aliandika hatua aliyokusudia kwenye karatasi, akaisimamisha saa, akamwita mwamuzi. Alikuwa anadai sare kwa sababu hali ile ile ya ubao ilikuwa inatokea kwa mara ya tatu. Sheria inataka ufanye hivyo hivyo: uandike kwanza, usiiguse kete, udai. Ukidai kwa makosa mchezo unaendelea na mpinzani anaongezewa dakika mbili. Mwamuzi, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliichukua karatasi yake na ya mwenzake, akavuta ubao mtupu wa meza ya jirani, akaanza kuurudia mchezo hatua kwa hatua huku watoto wote wawili wamesimama kando yake. Nilisogea mpaka mwisho wa kamba nikaziona karatasi zile. Moja ilikuwa imejaa mpaka ikaongezewa ya pili. Herufi za kete zilikuwa za lugha mbili tofauti, mwandiko mmoja umelala, mwingine umesimama wima wenye nambari kubwa kubwa, lakini d5 ilikuwa d5 kwa wote. Mwamuzi aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akakishusha, akakiweka kwenye wa pili, akakishusha tena. Akaitikia kwa kichwa.

Walipeana mikono. Wakawaweka wafalme katikati ya ubao kama desturi, wakatia sahihi kila mmoja karatasi ya mwenzake. Na hapo nikaona jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Wa Uzbekistan alikuwa akitabasamu mpaka masikioni. Wa Georgia alikuwa akilia, machozi yenyewe ya kimya, mabega yametulia. Matokeo yao ni yale yale, nusu na nusu, na mmoja amepewa zawadi, mwingine ameporwa.

Sisi wapenda mpira tumezoea kulipima jambo hili kwa jicho la uwanjani: sare ya ugenini ni ushindi mdogo, sare ya nyumbani ni msiba. Ipo tofauti moja ambayo ningependa watoto wako waione. Kwenye ligi ya mpira mshindi hupata pointi tatu, na timu zikitoka sare zinagawana mbili tu, kwa hiyo moja inapotea kabisa, hakuna aliyeichukua. Kwenye sataranji pointi ni moja, na wakitoka sare wanaigawa nzima. Hakuna kilichotupwa. Kila walichokifanya wale wasichana kwa karibu saa nne kimehesabiwa mpaka tone la mwisho. Na nusu ile ni mali ya kweli. Mashindano haya hupangwa kwa mfumo wa Uswisi, ulioanza kutumika Zürich mwaka 1895, ambao kila raundi huwakutanisha wenye pointi sawa au zinazokaribiana. Nusu pointi inaamua kesho utakaa meza gani na utamkabili nani. Katika Olimpiadi ile ya 2018 iliyochezwa hapa, wanaume wa China, Marekani na Urusi walimaliza na pointi sawa, 18 kila mmoja, wakatenganishwa kwa hesabu za ziada tu. Kwenye mizani nyembamba namna hiyo, nusu moja iliyookolewa jioni moja na mchezaji mmoja aliyekataa kukata tamaa inaweza kuwa ndiyo dhahabu.

Usinielewe vibaya, sitetei kila sare. Zipo sare za uvivu, na kwa watoto zinanikasirisha. Wawili wanakaa, wanacheza hatua kumi walizokariri, wanatazamana, mmoja ananong'ona, wanapeana mikono, wanakwenda kuogelea. Mara nyingi si wao waliopanga, ni mkubwa fulani nyuma yao aliyepiga hesabu ya medali. Ndiyo maana mashindano mengi siku hizi yanakataza wachezaji kukubaliana sare kabla ya hatua ya 30, na mwaka 2005 huko Sofia, Bulgaria, waandaaji wa mashindano ya mabingwa walikwenda mbali zaidi wakawakataza wachezaji kupeana sare kwa mdomo. Ningekuwa mimi ningelipiga marufuku jambo hilo katika kila mashindano ya watoto. Sare ije yenyewe, kutoka ubaoni, ikiwa imechoka na kutoka jasho kama ile ya jana.

Na ikija namna hiyo, tuipokee kwa heshima yake. Mwaka 1984 kijana wa Baku, ng'ambo ya milima hii, alikwenda Moscow kumkabili bingwa wa dunia Anatoly Karpov. Alikuwa na miaka 21 na jina lake Garry Kasparov. Sharti lilikuwa wa kwanza kushinda michezo sita ndiye bingwa. Baada ya michezo tisa Karpov alikuwa ameshashinda minne, kijana hana hata mmoja. Watu walishamzika. Akaanza kutoa sare. Moja, ya pili, ya tatu, mpaka zikafika 17 mfululizo. Karpov akashinda wa tano, bado mmoja tu, na huo mmoja hakuupata tena. Kasparov alitoa sare, akashinda mmoja, akatoa sare nyingine 14 mfululizo, akashinda mara mbili zaidi. Februari 1985 rais wa shirikisho la dunia alipousimamisha mpambano bila mshindi, michezo ilikuwa imefika 48, na 40 kati yake ilikuwa sare. Walipokutana upya mwaka huo huo, kijana akawa bingwa. Siku zile za sare ndizo zilizomfundisha kumjua mpinzani wake ndani nje. Na mwaka 2018, London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walicheza michezo 12 ya ubingwa wa dunia na yote 12 ikatoka sare, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Waliolalamika walikuwa wengi. Lakini ukiifungua michezo ile utawakuta watu wawili waliosukumana mpaka ukingoni, kila mmoja akimkuta mwenzake ameshafika pale kabla yake.

Nirudi kwenye korido. Wasichana walipotoka, baba wa mmoja alimdaka mwanawe mlangoni. Lugha yao siijui, ila swali lile linafahamika kwa sauti yake dunia nzima: umeshinda? Mtoto akatikisa kichwa. Umefungwa? Akatikisa tena. Na baba akawa hana swali la tatu. Nilimwonea huruma, kwa kuwa alikuwa amesimama saa nyingi kwenye korido ile, na alimpenda mwanawe, bali hakuna aliyemfundisha la kuuliza baada ya hapo. Kwetu nyumbani ni vile vile. Mtoto anarudi kutoka mashindanoni tunamuuliza maswali mawili, akijibu hapana kwa yote mawili tunaona hajaleta kitu.

Mwalimu wa yule wa Georgia, mzee wa kike mwenye fimbo ya kutembelea, hakuuliza lolote. Aliketi kwenye benchi, akafungua ubao mdogo wa sumaku, akampa mtoto wake. Akamwashiria na yule mwingine aje. Wakakaa wote watatu. Na hapo, kaka, yule wa Uzbekistan akafanya jambo ambalo mtu mzima angejizuia. Alizipanga kete kama zilivyokuwa kabla vile vitunda vya pembeni havijabadilishwa, kisha akaukamata mkono wa mwenzake uliokuwa unakisukuma kitunda cha h, akautikisia kichwa. Badala yake akamsogeza mfalme mweupe. Akaonyesha kinachofuata. Mfalme anatangulia, kitunda kinangoja, na mweusi hana pa kwenda. Alikuwa anamwonyesha mpinzani wake jinsi ambavyo angemshinda. Yule wa Georgia aliacha kulia. Akajaribu upande wa mweusi, akatafuta njia ya kujiokoa, hakuipata, akacheka. Kisha wakairudia tena, na tena, vidole vya wote wawili juu ya ubao mdogo kuliko daftari, bila neno moja la pamoja zaidi ya majina ya miraba, mpaka tukatangaziwa ukumbi unafungwa kuandaliwa raundi inayofuata.

Sijui kama ingekuwa hivyo mmoja angekuwa ameshinda. Labda. Lakini nimewaona washindi na walioshindwa wakitoka mlango ule, na mara nyingi kila mmoja huenda njia yake.

Nina maombi mawili. La kwanza, anza kuwafundisha watoto kutoka mwisho wa mchezo. Najua wanapenda mitego ya mwanzo, mati ya hatua nne na kadhalika, na kwenye mashindano ya shule inawapa ushindi wa haraka. Lakini hao wa huku wanajua hali ya Philidor kama wanavyojua mlango wa nyumba zao, na ndiyo iliyomwokoa msichana yule alipokuwa hana kitu kingine mkononi. Haihitaji kompyuta wala kitabu cha bei. Ngome mbili, wafalme wawili, kitunda kimoja, na subira. Wapange wawili wawili, mmoja alinde, mwingine ashambulie, kisha wabadilishane. Na asiwepo wa kuondoka mezani kabla hajacheza pande zote mbili.

La pili ni zawadi. Mwaka 1921 Richard Réti alitunga fumbo lenye kete nne tu. Mfalme mweupe h8, kitunda cheupe c6. Mfalme mweusi a6, kitunda cheusi h5. Mweupe anaanza, na anatakiwa apate sare. Kwa macho haiwezekani: kitunda cheusi kiko mbali, kinakimbia, na mfalme mweupe amechelewa kukifikia. Wa kwako watasema mwalimu amekosea kupanga. Waache waseme. Usiwape jibu Jumamosi hii wala ijayo, hata wakikusumbua, ila waambie mfalme anaweza kwenda kuwili kwa hatua moja. Atakayelipata umwandikie jina lake, uniletee, nami nitamtafutia ubao wa sumaku kama ule wa yule mzee. Nimeuona duka moja karibu na soko, bei yake si kubwa.

Nisalimie shemeji na watoto, na mpe mama pole ya mguu, mwambie dawa aliyoniagiza nimeipata. Raundi ya leo inaanza alasiri, na kwa hesabu za pointi wale wawili wamewekwa meza za jirani. Nakwenda kuwahi nafasi nyuma ya kamba.

Ni mimi mdogo wako.